Maji ya Taa

Kila asubuhi, kabla ya uji, nilikuwa nazigusa taa zangu moja baada ya nyingine kwa mgongo wa mkono, jinsi mama anavyompima mtoto homa. Zilikuwa sitini na nne, zimening'inia katika safu nne kutoka mdomo wa handaki la tatu hadi pale mwamba unapokata kona. Nilianza na safu ya juu, ambako maji yaliingia kwenye mirija ya kuzipoza yakiwa baridi, nikashuka nayo hadi safu ya chini, ambako yalitoka moto kiasi kwamba mkono haukuvumilia. Nikikuta bamba lenye joto kuliko jirani yake nilijua mrija umeziba, nikaugonga kidogo kwa mpini wa bisibisi. Nikikuta tone nililifuta, kisha nikasimama kuona kama litarudi. Kazi hiyo haikunidai kuzungumza na mtu. Nadhani ndiyo maana niliipenda.

Nilikuwa nimefika taa ya thelathini na moja, juu ya matuta ya mchicha, Bibi Nyanzobe aliponishika bega kwa nyuma.

"Fundi, acha hiyo. Njoo."

Bibi Nyanzobe ndiye muuguzi wetu. Katika miaka sita tangu tuhamie mgodini sikuwahi kumwona akiharakisha mwendo, hata siku ile handaki la kwanza lilipojaa moshi. Asubuhi hii alikuwa anahema.

"Bado nina safu mbili, bibi."

"Safu haifi, mjukuu wangu. Njoo nikuonyeshe kitu. Wewe ulikwenda chuo, huenda ulikiona huko."

Nikamfuata hadi nje, kwenye uwanja wa mawe mbele ya mdomo wa handaki. Mbingu ilikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa majivu, kama ilivyo tangu mataifa makubwa yalipomwaga unga wao angani ili kuipoza dunia. Jua lilionekana ndani yake kama sarafu iliyozama kwenye maji machafu. Mwanga wake haukuweza kuivisha hata bamia, lakini ulikuwa mweupe, na weupe ndio Bibi Nyanzobe alioutaka.

Mwanamke mmoja alikuwa ameketi juu ya jiwe na mtoto mapajani. Mtoto alikuwa Limi, wa miaka mitatu, ambaye kila siku alinifuata kwenye safu akishika pindo la koti langu na kuniita Shangazi Taa. Sasa kichwa chake kililala kwenye kifua cha mama yake kama kitu kilichowekwa hapo na mtu mwingine.

"Siku ya tano hajaenda choo," Bibi Nyanzobe alisema. "Anatapika. Juzi degedege lilimkamata. Wale watoto wawili tuliowazika mwezi uliopita walianza hivi hivi, nikasema ni malaria. Mbu wenyewe wako wapi? Basi, tazama."

Akamfungua Limi mdomo kwa kidole gumba. Kwenye ufizi, pale unapokutana na meno, palikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya buluu nzito, kama uliochorwa kwa kalamu.

"Huko ndani nimemfungua kinywa mara tatu, sikuona kitu. Chini ya taa zako za zambarau kila mtu ana ufizi wa zambarau. Leo nimemtoa apate hewa, akapiga miayo. Ndipo nikauona." Akamfunga mtoto mdomo taratibu. "Halafu nikamtazama na mama yake. Naye anao."

Mama Limi akafunga mdomo wake haraka, kana kwamba ameambiwa ananuka.

Niliujua mstari ule. Chuoni, kwenye karakana ya betri, palikuwa na picha kubwa ukutani karibu na mlango, picha ya kinywa cha mtu aliyefanya kazi na madini ya risasi bila kunawa mikono. Kwa miaka miwili nilipita chini ya kinywa kile kila siku nikienda kwenye karo la kunawia mikono.

"Unaujua?" Bibi Nyanzobe aliuliza.

"Ngoja niangalie vitabu vyangu, bibi."

"Vitabu gani? Si tulivichoma mwaka wa pili, ile baridi?"

Nikasema nimekumbuka vibaya. Limi akafumbua macho, akanitazama, akaniuliza kama taa zimeshaamka. Nikamwambia bado mbili tatu zimelala. Kisha nikarudi ndani kwa haraka, kwa sababu sikutaka wanione uso.

*

Niliifunga valvu ya safu ya nne, nikalishusha bamba la mwisho, nikaliweka juu ya meza yangu na kuchukua msumeno wa chuma.

Taa ya kukuzia mimea ni punje ndogo za mwanga zilizopangwa juu ya bamba la alumini. Karibu nusu ya umeme inaokula inageuka mwanga, inayobaki inageuka joto, na joto lisipoondoka punje zinafifia, zinapiga rangi ya kahawia, zinakufa. Taa zetu zilikuja na feni. Vumbi la mgodi lilizimaliza feni zote ndani ya mwaka mmoja, tukawa tunawasha taa saa tano kwa siku badala ya saa kumi na sita, na mwaka huo tulizika watu themanini. Ndipo nilipojitolea kutengeneza vipozeo vya maji. Sikujitolea kwa mdomo. Niliandika kwenye karatasi, nikaisukuma chini ya mlango wa mwenyekiti.

Nilikwenda na kaka yangu kwenye nyumba za zamani za wafanyakazi wa mgodi, tukang'oa mirija ya shaba kwenye majokofu mabovu. Niliigonga upande mmoja kwa nyundo juu ya kipande cha reli hadi ikalala bapa, nikaipaka grisi iliyochanganywa na unga wa zinki ili joto lipite, nikaifunga kwa bana nyuma ya kila bamba. Mirija ya majokofu ni mizee na ukiikunja inapasuka. Kwa hiyo kwenye kila kona niliikata na kuiunga. Maungio sita kwa kila bamba. Lehemu ya bati niliyokuwa nayo ilitosha mabamba matatu.

Mabamba sitini na moja yaliyobaki niliyaunga kwa risasi ya betri. Kila fundi wa rejeta niliyemwona nikiwa mdogo alifanya hivyo. Akiishiwa lehemu huvunja betri ya gari iliyokufa, huyeyusha vichwa vyake kwenye kopo la maziwa, huziba tundu na gari likaondoka. Inashika vibaya, lakini inashika. Na rejeta hainywewi.

Maji yangu nayo hayakuwa ya kunywa. Yalitoka kwenye chemchemi ya mwamba, juu kabisa ya handaki, yakapita nyuma ya taa, yakaishia kwenye pipa la kumwagilia mimea. Watu walichota juu, kabla ya taa, na hakuna aliyelalamika, hadi Mama mdogo Holo alipokuja mezani kwangu na wanawake sita nyuma yake. Ni mama mdogo wa wifi yangu Kwandu, nami pia humwita hivyo. Moto ulikuwa umepigwa marufuku tangu ule moshi. Alisema mzazi hawezi kukandwa kwa maji ya baridi kama furushi la samaki, na kwamba wanawake watatu walikuwa wamejifungua mwezi ule wakabaki na damu tumboni, na mimi nina maji ya moto yanapita hapa mchana kutwa yanakwenda kuogesha mchicha.

Nilikata bomba la kutokea nikafunga koki. Kwanza yalikuwa maji ya kukandia tu. Kisha ya kuogeshea watoto. Kisha ya uji, kwa sababu unga unaoletwa na msafara ukikorogwa kwa maji ya moto haukereketi tumbo. Kisha mwendo wa kupanda hadi juu ukawa mrefu kwa watu waliodhoofika, na koki yangu ilikuwa karibu. Ilikuwa miezi minane sasa.

Msumeno ulipita. Niliipasua kona kwa urefu na kuifungua kama ganda la karanga. Ile pete ya risasi, niliyoiacha nene kama ukucha wa dole gumba, ilikuwa imeliwa ikawa nyembamba kama karatasi. Juu yake palikuwa na ukungu mweupe. Niliugusa kwa kidole, ukatoka.

Siku ile ya koki nilisimama na spana mkononi. Sijidanganyi, nilisimama. Kile kinywa cha ukutani kilinijia, nikajiambia ni ya kukandia tu, ngozi hainywi. Nyuma yangu wanawake walikuwa wameanza kupiga vigelegele na kulitaja jina langu, Mbuke, Mbuke, na mimi sikuwa nimewahi kupigiwa vigelegele maishani. Nikakaza.

*

Mwenyekiti Maduhu alikaa kwenye chumba kilichokuwa ghala la baruti. Zamani alikuwa dereva wa malori makubwa ya mgodi. Nilimkuta akimenya maharage mabichi, nikamwekea lile ungio lililopasuliwa mbele yake na kueleza. Nilieleza vibaya, nikirudia maneno, lakini alielewa.

"Umeshamwambia nani?"

"Hakuna, mwenyekiti."

"Hata Nyanzobe?"

"Hata yeye."

Alilichukua lile ungio, akaligeuza. "Na inatoka kidogo kidogo."

"Kidogo kidogo, kila siku. Mtu mzima inamchelewa. Watoto inawapanda kichwani. Na wajawazito inapita kwa mtoto tumboni. Mchicha nao unaivuta, lakini maji ndiyo mabaya zaidi."

"Ukizima taa?"

"Mimea itavumilia siku nne. Tano."

"Ukitengeneza upya?"

"Ni maungio mia tatu na zaidi. Lehemu sina. Labda msafara ukija nayo."

"Msafara ni siku arobaini kutoka leo. Kama bado wako hai wa kuja."

Nikamwambia wazo langu, nililokuwa nimelipanga njia nzima. Tufunge koki ya chini. Wenye watoto na wajawazito wachote juu, kwenye chemchemi, maji safi. Wengine tungoje msafara.

Maduhu aliendelea kumenya. "Utawaambia kwa nini?"

"Nitawaambia ukweli."

"Haya. Umemwambia mwanamke mmoja ukweli. Kesho asubuhi watu mia tatu wako juu na ndoo. Nani atabaki chini anywe sumu ili taa za mwenzake ziwake? Wewe? Mimi? Na nani atalinda chemchemi, hao hao wenye watoto?" Sauti yake haikupanda. "Ikichotwa yote juu, kwenye mirija hapafiki tone. Taa zinadumu muda gani bila maji?"

"Robo saa."

"Si zinajizima?"

"Kifaa cha kuzima kiliungua pamoja na feni. Ni mimi ninayezima."

"Robo saa," alirudia. "Na punje nyingine ziko wapi?"

Alijua hazipo.

"Mimi sisemi usiseme," akasema. "Nasema kila jambo lina siku yake. Viazi vinavunwa baada ya siku ishirini na tatu. Vikiwa ghalani tutakaa, tutazungumza kama watu."

"Na Limi?"

"Limi ni mgonjwa. Wagonjwa tunawaombea."

"Mwenyekiti, unamaanisha tuwaache?"

"Nimesema hivyo? Umenisikia nikisema hivyo?" Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Mimi nilimzika mke wangu mwaka ule wa saa tano. Alikuwa anakula udongo. Unataka nikueleze mtu anayekula udongo anavyolia? Mbuke, wewe ni mtoto mpole. Tangu uje hapa sijakusikia ukimpandishia sauti hata panya. Upole wako ndio umetulisha. Usiuharibu sasa."

Akanyoosha mkono kunipa kiganja cha maharage. Mkono ulifika nusu, kisha kiganja kikaanguka kutoka kwenye kifundo, kikaning'inia kama jani lililovunjika shina, na maharage yakamwagika. Alijaribu kukiinua. Hakikuinuka. Hilo nalo lilikuwa limeandikwa chini ya ile picha ya chuoni.

"Mkono umekuwaje, mwenyekiti?"

"Umechoka," alisema, akauficha chini ya gunia.

Nilitoka nikaandika ubao kwa chaki, KOKI IPO KWENYE MATENGENEZO, CHOTENI JUU, nikautundika. Nilijificha nyuma ya matuta ya viazi kuangalia. Mwanamke wa kwanza aliusoma, akafungua koki, akaangalia maji yakitiririka, akacheka. "Fundi wetu naye! Koki nzima, inatengenezwa nini?" Mwanamke wa tatu hakusoma kabisa. Kufikia mchana mtu alikuwa ameuchukua ubao, na jioni niliuona chini ya mguu wa kitanda cha jirani, umezuia kisiyumbe.

*

Limi alikufa Alhamisi. Walimwosha kwa maji ya taa, ili asipate baridi, mama yake alisema. Nilipita katikati yao nikaipiga ndoo teke. Ilionekana kama nimejikwaa. Wanawake walinishika mabega, wakaniambia pole, mtoto alikupenda, na mmoja akaenda kuchota nyingine.

Tulimzika nje, kwenye mawe. Nilishika ncha ya shuka. Nilikuwa nimepanga kusema pale, mbele ya wote, na nilifungua mdomo mara mbili. Mwenyekiti alikuwa upande wa pili wa kaburi, mkono mmoja mfukoni. Hakunikazia macho wala hakunitisha. Alikuwa anawatazama watu, mmoja mmoja, kama mtu anayejaribu kukumbuka majina yao yote.

Jioni ile ile wifi yangu Kwandu akajifungua mtoto wa kiume.

Kaka yangu alikuwa juu ya mnara, kwenye mapangaboi ya upepo yanayotupa umeme, na hangeshuka hadi Jumapili. Mama yetu alishatangulia. Kwa hiyo kumkanda mzazi kuliniangukia mimi. Asubuhi ya Ijumaa nilipanda hadi kwenye chemchemi, nikachota ndoo nzima, nikashuka nayo nikiipita koki ya moto bila kuitazama. Maji yalinimwagikia miguuni, baridi kama chuma.

Kwandu alikuwa ameegemea ukuta, miguu imenyooshwa, kikombe cha uji mkononi. Alikuwa amepauka, lakini alinicheka nilipoingia.

"Haya, kaja! Nilidhani umeshaolewa na hizo taa zako, wifi, umesahau kuna mtu amezaa."

"Nimechelewa kidogo."

"Kidogo! Ningekuwa mchicha ungekuja alfajiri."

Mama mdogo Holo alikuwa amepiga magoti pembeni, kichanga mapajani mwake. Kilikuwa kidogo, na kililia kwa sauti nyembamba ambayo ilikuwa inakatika katikati. Holo alitia kidole kwenye ndoo yangu, akakitoa kama aliyeumwa na nyuki.

"Ya baridi! Unataka kumwua mzazi, wewe?"

"Nilifikiri leo tumfute tu, mama mdogo."

"Tumfute? Ni meza?" Akaisukuma ndoo yangu kando kwa goti. "Nilijua utachelewa. Nimeshachota ya moto, hiyo hapo. Haya, kunja mikono, njoo umkande huku chini ya kitovu. Na usiwe na mikono ya kuombea radhi, kandamiza."

Ndoo yake ilikuwa inatoa mvuke. Nililoweka kitambaa, nikakikamua, nikakilaza juu ya tumbo la wifi yangu. Akafumba macho kwa raha. Ngozi hainywi, nilijiambia tena, kwa maneno yale yale. Kisha akainua kikombe.

"Wifi, ngoja uji upoe."

"Ukipoa una utamu gani?"

"Basi kunywa nusu."

Kikombe kikabaki hewani. Kwandu aliniangalia, na kicheko kikamtoka usoni polepole.

"Wewe una nini? Tangu juzi unazunguka kama kuku asiyejua pa kutaga. Umetundika ubao kwenye koki nzima. Jana msibani umemwaga maji, watu wanasema ni huzuni. Mimi nakujua, nimekaa na wewe nyumba moja miaka saba. Ukihuzunika hujikwai. Ukihuzunika unajificha. Sema."

"Hakuna kitu."

"Sema, wifi."

"Nikisema kuna mambo yatatokea."

"Mambo gani?"

Niliwaza majani ya viazi katika safu ya pili, yalivyofunika ardhi kiasi kwamba udongo hauonekani. Siku ishirini na moja zilikuwa zimebaki. Niliwaza mke wa mwenyekiti. Watu mia tatu walikuwa wanaamka muda ule, wanatafuta vikombe vyao, na kila mmoja wao alikuwa na mama au mtoto au mtu aliyemngoja. Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa na ustadi huo kuliko ustadi mwingine wowote, kuliko hata ufundi. Ningesema ni uchovu, Kwandu angenitania, na siku ishirini na moja zingepita kama zilivyopita miezi minane.

Kichanga kikalia tena, sauti ikakatika.

"Koo limemkauka, maskini," Holo alisema. "Maziwa bado hayajashuka. Ngoja tumlainishe." Akachovya pembe ya kitambaa safi kwenye ndoo ya moto, akaikamua kidogo kwa vidole, akaipeleka kwenye midomo ya mtoto. Mtoto alinyamaza. Akafungua kinywa, akageuza kichwa kuifuata.

Nilimshika Holo mkono. Nilimshika kwa nguvu hadi akaguta.

"Usimpe."

"Wee! Una wazimu?"

"Usimpe. Maji ya taa yana sumu." Sauti ilitoka kubwa, ikagonga mwamba, ikarudi. Sikuitambua. "Mirija niliiunga kwa risasi ya betri, na risasi inayeyuka humo. Ndiyo iliyomwua Limi. Na wale wawili. Mwaga uji, wifi. Usinywe. Msinywe tena hata tone, choteni juu, kwenye chemchemi, kabla ya taa."

Holo alikitazama kitambaa mkononi mwake. Niliona akihesabu, si kwa vidole, kwa macho: wajukuu wake, vikombe vyao, miezi. Kisha akamlaza mtoto juu ya mapaja ya mama yake, taratibu mno, akanyakua ndoo yangu ya baridi, akaishika kifuani kwa mikono miwili kama kitu kilichookotwa, akatoka mbio.

Tulisikia sauti yake ikienda kwenye handaki. "Choteni juu! Choteni juu, maji ya taa yanaua!" Mlango mmoja ukafunguka, na mwingine. Ndoo ikaanguka mahali na kuviringika. Miguu ikaanza, michache, kisha mingi, yote ikipanda.

Bomba la kulishia taa lilipita juu ya dari ya chumba kile. Kwa miaka nilikuwa nimezoea sauti yake, mtiririko mmoja usiokatika. Sasa niliusikia ukipungua. Ulikohoa mara moja, hewa ikapita.

Nikasimama. "Niachie, wifi. Nikazime taa. Zikiungua hatuna kitu, nikiwahi swichi zitapona."

Kwandu alikuwa ameshika kifundo cha mkono wangu. Sikujua ameshika tangu lini. Alikuwa amemwaga uji wote, ulikuwa unatambaa kwenye sakafu kuelekea miguu yangu, na mtoto alikuwa analia juu ya mapaja yake na yeye hakuwa anamtazama.

"Uliweka koki ile wewe mwenyewe," alisema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa na mimba ya mwezi mmoja. Nilikuwa pale."

"Ndiyo. Wifi, tafadhali, zina robo saa tu."

"Ulijua?"

Bomba likakohoa tena. Nje mtu alikuwa anapiga kelele kwamba wampishe, ana mtoto, wampishe. Nilikuwa na jibu tayari. Nilikuwa nimelitumia kwangu mwenyewe kila usiku: sikujua yatanywewa, nilidhani ni ya kukandia. Lilikuwa karibu na ukweli. Angeliamini, na angeniachia mkono.

"Nakuuliza, Mbuke. Siku ile. Ulijua?"

"Nilijua," nikasema. "Nilijua tangu siku ya kwanza, nikanyamaza."